Mkunga wa Almasi

Aliyekuwapo ndiye ajuaye, wanasema wazee. Lakini katika nchi ninayotaka kuisimulia walikuwapo wote na hakuna aliyeona kitu, kwa hiyo imebidi nisimulie mimi ambaye sikuwapo. Jina la nchi yenyewe nimeombwa nisilitaje. Aliyeniomba alikuja kwa upole sana, yeye na wenzake, kwenye gari lisilo na namba.

Nchi hiyo ilikuwa na almasi. Ilikuwa na mambo mengine pia, kama vile njaa na wimbo wa taifa wenye beti nyingi mno, lakini kilichojulikana duniani ni almasi. Zilizo nzuri zilitoka kwenye shimo moja refu lililoitwa Shimo la Neema. Siku moja ya masika, mchana kweupe, nguzo zilizooza zikavunjika na Shimo la Neema likajifunika. Vijana waliokuwa ndani hawakutoka.

Magazeti ya ng'ambo yakaandika kwamba almasi za nchi hiyo zina damu. Basi bei ikaanguka. Siku lilipoanguka shimo serikali ilikuwa na shughuli nyingi, lakini siku ilipoanguka bei kikaitishwa kikao cha dharura.

Swali mezani lilikuwa hili: je, nchi almasi ilikozaliwa inaathiri ubora wake? Mtaalamu mmoja wa mawe akasimama akajibu kwa kifupi. Ubora wa almasi, alisema, ni rangi, uangavu, mkato na uzito. Jiwe halina kabila, na mtu akikuambia ameliangalia tu akajua kwao ni wapi, huyo ama ni mwongo ama ni dalali. Akapigiwa makofi mengi, na kesho yake akahamishiwa Idara ya Kutokomeza Viroboto.

Aliyeshinda hoja ni Waziri wa Asili na Chimbuko, Mheshimiwa Tarumbeta Makoha, mtu ambaye hakuweza kuomba chumvi mezani bila kwanza kuwatambua waheshimiwa waliohudhuria.

"Waheshimiwa," akasema, "mtoto wa jirani akivaa kanzu mpya tunasema kapendeza. Wa kwetu akivaa kanzu ileile tunauliza kaiba wapi. Almasi yetu haina kosa lolote isipokuwa kuzaliwa kwetu. Dawa yake ni moja. Izaliwe kwingine!"

Sasa ng'ambo ya mto kulikuwa na nchi jirani isiyo na almasi hata ya kudanganyia. Wenyewe walilima vitunguu. Sifa yao ilikuwa safi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasikia. Ikaamuliwa almasi zote zivushwe daraja, zizaliwe kule, kisha zirudi kama wageni. Na kwa kuwa almasi zilikuwa za kwenye vitunguu, Shimo la Neema halikuwa na kazi tena, likafutwa kwenye ramani. Kwa kuwa halikuwapo, hakuna aliyefia humo. Wale ambao hawakurudi nyumbani wakatangazwa kuwa watoro kazini.

*

Mmoja wa watoro hao alikuwa Simai, mtoto wa pekee wa Bi Mashavu.

Bi Mashavu alikuwa mkunga. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, wezi na masheikh kwa pamoja, na hakumdai mtu heshima kwa hilo. Simai alimzaa peke yake na kumkata kitovu mwenyewe, maana siku ile wakunga wengine wote walikuwa wamepelekwa barabarani kumpungia Rais. Kitovu alikizika nyuma ya nyumba, chini ya mchongoma. Sasa mwenye kitovu hajulikani alipo, na aliyejua alikatazwa kujua.

Kila Jumatatu Koplo Ndimbo alibisha mlangoni, kofia mkononi. Naye alikuwa mmoja wa wale aliowazalisha Bi Mashavu, tena alizaliwa akitanguliza miguu, na hilo mkunga hasahau.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimetumwa niulize, Mama. Simai yupo?"

"Umemtafuta chini?"

"Chini wapi, Mama?" Koplo akaangalia ncha za viatu vyake. "Chini hakuna."

Bi Mashavu akanyamaza. Angesema yupo, angekuwa mwongo. Angesema hayupo, angekuwa amekiri utoro wa mwanawe. Angesema amekufa, angekuwa amechochea. Koplo alisubiri kidogo, akavaa kofia, akaondoka na kimya chake hadi Jumatatu nyingine.

Kukaa matanga hakuruhusiwa. Wanawake walipojaribu kukusanyika walie, waliambiwa kwamba matanga yasiyo na maiti ni mkusanyiko usio na kibali. Sheikh naye aliitwa ofisini, akanyweshwa chai, akaelezwa kwamba kumwombea mtoro ni kuunga mkono utoro. Mkeka wa matanga ukabaki umekunjwa nyuma ya mlango wa Bi Mashavu, na kilio kikabaki kimemkaa kooni. Alikula nacho, akalala nacho, akaenda nacho sokoni.

Hapo ndipo Mheshimiwa Tarumbeta alipomfikia nyumbani.

"Mama, taifa linahitaji mkunga."

"Nani ana mimba?"

"Taifa, Mama."

Akamweleza kazi. Mawe yavuke mto kifuani mwa mtu anayeaminika kwa uzazi, dunia ione kwamba hakuna ujanja. Lipo na Jiwe Kubwa, ambalo lilitolewa shimoni asubuhi ileile ya... hapo Waziri akakohoa kidogo, akasema asubuhi ileile isiyokuwapo. Siku Jiwe Kubwa litakapozaliwa salama, Simai ataondolewa kwenye watoro na kuwekwa kwenye waliokufa kwa homa, na mama yake atakaa matanga.

"Homa?" akauliza Bi Mashavu.

"Homa ya kawaida, Mama. Kubwa zaidi ya hiyo Wizara haina uwezo."

Akakubali. Wapo waliomlaumu. Mimi simlaumu, maana mtu aliyenyimwa hata kulia hawezi kuchagua mlango.

*

Kazi ilifanyika hivi. Jiwe lilifungwa ndani ya kanga kifuani mwa Bi Mashavu, naye akavuka daraja taratibu, kama mjamzito wa mwezi wa mwisho. Upande wa pili aliingia kwenye kibanda chenye pazia, akakaa kidogo, akatoka na kutamka, "Kazaliwa!" Wanawake walioajiriwa na Wizara wakapiga vigelegele. Kisha ofisa mmoja, akisimama mahali pa baba, akauliza kwa sauti, "Mkunga, kitovu chake kimezikwa wapi?" Naye akajibu, "Hapa."

Suala la kitovu lilisumbua sana kamati. Mwanasheria wa serikali alisema kwamba kwa mila za pande zote mbili za mto, mtoto asiye na kitovu ni uvumi tu. Lakini jiwe halina kitovu. Baada ya chai na sambusa kamati ikapitisha kwamba kitovu cha almasi ni ule udongo ulioganda kwenye jiwe tangu shimoni. Ukwanguliwe, ufungwe kwenye kitambaa, uzikwe ukingoni mwa mto karibu na vitunguu.

Hapo ndipo walipokosea, na hakukuwa na wa kuwaambia, maana kamati yote ilikuwa ya wanaume. Udongo ule ulikuwa umechanganyika na watu, jasho lao na makohozi yao. Na mkunga yeyote anajua kwamba kitovu hakizikwi kwa mchezo. Mtoto ambaye kitovu chake kimezikwa mahali pa uongo hatulii, atatafuta kwao mpaka apaone. Bi Mashavu alilijua hilo, lakini aliyafikiria matanga yake akanyamaza.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Wajuzi wa ng'ambo waliandika kwamba almasi za nchi ya vitunguu zina nuru laini isiyo na majuto, tofauti kabisa na zile za nchi jirani, ambazo mtu mwenye jicho zuri huona kiza ndani yake. Yalikuwa mawe yaleyale.

Kisha asubuhi moja, wakati wa mazoezi ya kulivusha Jiwe Kubwa, katikati ya daraja, jiwe likakohoa.

Lilikohoa mara mbili fupifupi, likakaa kimya, halafu likatoa kikohozi kimoja kidogo cha mwisho, kama mtu aliyesahau kuaga akarudi mlangoni. Simai alikohoa hivyo tangu vumbi la shimoni lilipomwingia kifuani. Bi Mashavu alikuwa akikisikia kikohozi kile kila jioni kabla ya kumsikia mwenyewe akipiga hodi, na alikuwa akikitumia kujua wakati wa kupakua ugali.

Akasimama.

"Simai?"

Maji yakaendelea kupita chini ya daraja. Bi Mashavu aliogopa, na ndani ya woga ule akafurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi.

*

Haukupita muda, mawe yote ya Shimo la Neema yakaanza. Yalikohoa kwenye makasha ya Wizara na kwenye madirisha ya maduka ya ng'ambo. Mke wa balozi mmoja alikuwa akitia mkate kinywani pete yake ikakohoa, na wageni wote wakafunika vikombe vyao. Kila jiwe lilikuwa na kikohozi chake. Siku moja Tatu, jirani wa Bi Mashavu ambaye mumewe alikuwa mtoro pia, alipita chini ya dirisha la Wizara na karai la maandazi kichwani. Akasimama, akalitua karai, akaketi pale pale kwenye lami.

"Huyo Mrisho," akasema. "Jamani, huyo mume wangu. Mwambieni nipo hapa nje."

Serikali ilitoa tamko kwamba almasi hazikohoi. Tamko la pili likasema zinakohoa lakini si zetu. La tatu likaeleza kwamba ni mafua madogo kwa sababu ya upepo wa mtoni, na kila jiwe likafumiwa sweta. Daktari wa Wizara akayanywesha dawa ya kikohozi kwa kijiko, mawe yakanata, wakaja sisimizi. Mwishoni Mheshimiwa Tarumbeta akaliita taifa redioni.

"Ndugu wananchi, msiwe na hofu. Kile si kikohozi. Ni lafudhi. Mawe haya yamezaliwa ng'ambo, nanyi mnataka yaongee kama nyinyi?"

*

Siku ya Jiwe Kubwa ikafika. Ukingoni kwa wenye vitunguu paliwekwa hema, bendi ya jeshi na wanunuzi kutoka kila pembe ya dunia. Rais alituma picha yake imwakilishe, ikapewa kiti cha mbele na maji ya kunywa.

Ndani ya kibanda Bi Mashavu alilifungua jiwe kwenye kanga. Lilikuwa kubwa kama ngumi ya kitoto kichanga, nalo lilikuwa la baridi. Akalipakata. Likakohoa mara mbili, likanyamaza, likamalizia.

"Umechoka, baba," akalinong'oneza. "Najua umechoka."

Akatoka nalo. Vigelegele vikapigwa. Waziri mwenyewe, kwa heshima ya siku ile, ndiye aliyesimama mahali pa baba, kipaza sauti mkononi.

"Mkunga wa Taifa! Kitovu chake kimezikwa wapi?"

Neno moja tu lilitakiwa, nalo alikwisha kulisema juu ya mawe mengi bila ulimi kumuwasha. Akisema "hapa", kesho atatandika mkeka. Atalia kwa sauti mpaka majirani wachoke. Bi Mashavu akafungua kinywa, na jiwe likakohoa tena kifuani mwake. Akaona kwamba amewahi kudanganya juu ya watoto wa watu, lakini juu ya wake hawezi.

"Kitovu cha mwanangu nilikizika mimi, nyuma ya nyumba yangu," akasema. "Mwenyewe mmemzika nyinyi, bila sanda, kwenye Shimo la Neema. Jiwe hili limetoka huko. Halikuzaliwa hapa, na halitaki kukaa hapa."

Kiongozi wa bendi alitaharuki akapigisha wimbo wa taifa. Ikabidi watu wote wasimame, beti zote, huku Bi Mashavu akiwa amesimama peke yake mbele yao na machozi yakimtoka bila kibali.

*

Alitegemea kufungwa. Lakini wimbo ulipokwisha, mnunuzi mmoja mrefu mwenye miwani ya dhahabu alikuwa akilia kwa kwikwi.

"Jiwe lenye mtu ndani!" akasema. "Nitatoa mara mbili."

"Mara tatu!" akapiga kelele mwingine.

Mheshimiwa Tarumbeta hakuwa mtu wa kusubiri aambiwe upepo unavuma wapi. Akakinyakua kipaza sauti. "Waheshimiwa! Kama nilivyosisitiza tangu mwanzo, chimbuko ndilo ubora!"

Kabla jua halijazama Shimo la Neema lilikwisha kurudishwa kwenye ramani, tena kwa nyota nyekundu. Watoro wakawa Mashujaa wa Uangavu. Wajuzi wa ng'ambo wakaandika kwamba almasi hizi zina nuru ya huzuni isiyopatikana kwingine. Yalikuwa mawe yaleyale. Mawe ya mashimo mengine, ambamo hakuwa amekufa mtu, yakaitwa almasi bubu na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Matanga yakaamriwa. Wizara ilileta hema, mikeka mipya, magunia ya mchele na viti vya wageni wanaotaka kutazama. Bi Mashavu aliutandika mkeka wake mwenyewe, ule wa nyuma ya mlango, akakaa akalia. Alilia kwa sauti, kanga ikamvuka kichwani, wala hakujali nani anatazama. Kilio kilichokuwa kimemkaa kooni kikatoka chote. Lazima niseme kweli: kilikuwa kitamu.

Siku zikatimia. Wanawake wakaanza kuulizana habari ya kuanua matanga, kama ada ilivyo: kufagia, kukunja mikeka, kupika chakula cha mwisho na kumwacha marehemu aende. Hapo Waziri akaja, akavua viatu, akachuchumaa mbele ya mkeka.

"Mama, msianue."

"Kwa nini, Mheshimiwa?"

"Wataalamu wanasema matanga yakianuliwa, huenda marehemu wakapumzika."

"Ndiyo maana yake."

"Wakipumzika watanyamaza, Mama. Na wakinyamaza," akashusha sauti, "hizi zitakuwa almasi tu."

Jana Bi Mashavu alikatazwa kuanza kulia, na leo anakatazwa kumaliza.

Jumatatu ilipofika Koplo Ndimbo alisimama nje ya hema, kofia mkononi kama kawaida.

"Nimekuja kuaga, Mama. Tumepangiwa kazi kwenye yale mashimo bubu, vijana wote wa kituo. Wizara inataka nayo yapate ubora." Akageuka kutazama kama yupo anayesikiliza. "Nguzo zinapunguzwa, Mama. Nimeziona zikipakiwa kwenye lori."

Bi Mashavu alielewa. Akamshika Koplo shavu, shavu lilelile alilolipangusa siku alipozaliwa akitanguliza miguu.

"Unakwenda lini?"

"Wiki ijayo."

"Basi Jumatatu upite kwangu kwanza. Usikose."

*

Ijumaa asubuhi Bi Mashavu, Tatu na wanawake wengine walivuka daraja na majembe. Walinzi walipowauliza, wakasema wanakwenda kulima vitunguu kwa kibarua, na hakuna askari duniani anayemzuia mwanamke kwenda kufanya kazi. Ukingoni wakafukua vitambaa, kimoja kimoja. Udongo uliofungwa mle ulikuwa kiasi cha ubani wa kutia chetezoni, lakini walipovifunga pamoja kwenye kanga na kuvipakata, mizigo ilikuwa mizito, wakapumzika mara kwa mara njiani. Ndani ya kanga kulikuwa na kukohoa. Kila mmoja aliusikia wake akaupigapiga taratibu, kama unavyombembeleza mtoto mwenye homa.

Wakafika Shimo la Neema. Sheikh alikuwa amewatangulia. Hakunywa chai ya mtu siku ile. Wakachimba pale mdomoni mwa shimo, wakaushusha udongo, na kila mama na kila mke akataja jina la wake kwa sauti. "Simai," akasema Bi Mashavu, "kitovu chako kipo nyumbani, na wewe upo hapa. Sasa nakujua ulipo. Lala." Wakafukia. Sheikh akasoma.

Kisha wakarudi, wakafagia, wakakunja mikeka, wakapika wali wa mchele wa Wizara, wakala. Matanga yakaanuliwa.

Almasi zikanyamaza zote, siku hiyo hiyo. Wanunuzi wakatikisa makasha, wakagonga vioo, wakarudisha mawe kwa hasira. Bei ikarudi palepale ilipokuwa kabla ya wazimu wote huu, nayo ikawa inafuata rangi, uangavu, mkato na uzito. Wizara ilimwita yule mtaalamu arudi. Akajibu kwamba amekwisha kuwazoea viroboto. Nguzo zikarudishwa kwenye mashimo bubu, si kwa huruma, bali kwa kuwa sasa mashimo yote yalikuwa bubu na hakukuwa na faida ya kuua mtu.

Waziri Tarumbeta hakukubali. Kwenye maonyesho ya mwisho aliliweka Jiwe Kubwa sikioni, akasikiliza sana, kisha akageuka pembeni akakohoa mwenyewe. Mnunuzi mwenye miwani ya dhahabu akatikisa kichwa. Kile, alisema, ni kikohozi cha mtu aliyeshiba. Wanasema Mheshimiwa hakuweza kukiacha tena, na kwamba anakohoa mpaka leo, akisubiri jiwe limjibu.

Hayo ya maonyesho yalikuja baadaye; kwanza Jumatatu ikafika, na safari ya mashimo bubu ilikwisha kufutwa. Koplo Ndimbo alipita kwa Bi Mashavu kama alivyoombwa, ingawa safari hii hakuwa ametumwa na kituo. Akavua kofia. Kwa mazoea, maneno yakamtoka kabla hajayawahi.

"Hodi, Mama. Shikamoo. Simai yupo?"

"Marahaba." Bi Mashavu akajifuta mikono kwenye kanga. "Hayupo, mwanangu. Simai amekufa. Ingia ule."

Koplo akaingia. Akanawa, akaketi, akakata tonge. Ugali ulikuwa wa moto, tonge likampalia, akakohoa.

Wote wawili wakaacha kula, wakasikiliza.

Kilikuwa kikohozi chake mwenyewe. Bi Mashavu akamsogezea maji.